Skrinshoti za mlalamishi: pinga siku zinatolewa

Umeuliza kama bro wako apinge zile skrinshoti za WhatsApp za mlalamishi ama angoje siku ya kujitetea. Omera, asingoje. Mimi nilishtakiwa hapa Kisumu, wizi wa mfanyakazi, kifungu 281 cha Kanuni ya Adhabu, ile inaweza kukupeleka miaka 7. Bosi wa hadiweya alidai nimeuza simiti nikatia pesa mfukoni, na wakili sikuwa na pesa ya kumlipa.

Bosi alipoonyesha makaratasi yake, skrinshoti za WhatsApp zilizoprintiwa, hakimu akayaandika MFI (marked for identification) 1 hadi 4, mimi nikajua nimeisha. Kumbe hapo yanatambulishwa tu, hayajakuwa ushahidi mpaka yatolewe kama kielelezo. Hii nilielezwa na mzee mmoja kwa benchi nje ya korti, mwenye kesi ya shamba isiyoisha (hizo benchi zina mawakili wengi wa mdomo, wengine watakuzamisha, huyu alikuwa anajua).

Sasa prosikuta akaomba kuyatoa, hakimu akaniuliza, una pingamizi? Nusura niseme hapana kwa uoga. Nikasema ninalo, mheshimiwa, angalia hii karatasi, betri asilimia 12 inaonekana lakini jina limeandikwa "Fundi" tu, namba hakuna, tarehe hakuna, na cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, kile cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, pia hakuna. Prosikuta akaomba muda akaleta cheti, kimesainiwa na bosi. Nikamuuliza bosi simu ni ya nani, akasema "ya bibi yangu", yaani mke wake yeye bosi. Nani alipiga hizo skrinshoti? Bibi yangu. Nani aliprinti? Kijana wa saiba. Na huyo bibi kwa orodha ya mashahidi hayuko! Hakimu akayakataa yote manne.

Lakini usidhani niliruka nikaenda nyumbani. Karani wa stoo alisema "mlinzi aliniambia alimwona akipakia usiku" na mimi nikanyamaza kama mjinga, wakati kifungu 63 cha hiyo Sheria ya Ushahidi kinataka aliyeona aje aseme mwenyewe, na mlinzi hakuwahi kuletwa. Hiyo ikabaki kwa rekodi, pamoja na kitabu cha stoo, nikaambiwa nina kesi ya kujibu, yaani lazima nijitetee. Niliachiliwa mwisho kabisa, kwa kifungu 215 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, baada ya kupanda kizimbani mwenyewe na kuulizwa maswali hadi jasho.

Kwa hivyo aitishe stetmenti zote za mashahidi mapema, Katiba kifungu cha 50 kinampa hiyo haki, asome usiku polepole akiweka alama kila mahali pameandikwa "niliambiwa". Na kama paswadi ya simu yake ilitolewa kwa kipigo hilo ni pingamizi lingine, Katiba 50(4), alitaje kabla kitu hakijapokelewa.

Leo muulize kitu kimoja tu, ile simu iliyopiga skrinshoti ni ya nani, na mwenyewe yuko kwa orodha ya mashahidi? Ukipata jibu rudi hapa.