Mjumbe Hauawi, Mimi Nilimuua kwa kill -9

Juzi usiku msomaji mmoja anayesimamia klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, aliniandikia: "Kaka, nodi moja imeganda. Nikipiga ls ndani ya OrangeFS haijibu kitu. Nimeshazima na kuwasha seva mbili, bado. Nifanyeje?"

Kwa mgeni: nodi ni kompyuta moja ya klasta, ls ni amri ya kuorodhesha faili, na OrangeFS ni mfumo wa faili unaoziweka kwenye seva kadhaa ili nodi zote zizitumie. Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Hizo seva mbili zilinikumbusha zangu. Mimi niliziwasha upya zote.

Najua wengi mnaopita hapa mnataka siku moja mkabidhiwe klasta nzima, funguo na lawama zake. Kwa hiyo sitaeleza namna ya kusakinisha. Hayo mtayapata kwenye nyaraka. Nieleze kile ambacho mimi sikuelezwa.

OrangeFS ni mtoto wa PVFS, mfumo wa faili uliozaliwa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, miaka ya 1990. Moduli yake, yaani kipande chake cha programu, iliingia rasmi kwenye keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux toleo la 4.6, mwaka 2016. Ukisikia "imo ndani ya keneli" unadhani keneli inaongea na seva za hifadhi yenyewe. Haiongei. Ukipiga ls, moduli huandika ombi na kuliweka kwenye foleni. Anayekuja kulichukua, kupitia kifaa kiitwacho /dev/pvfs2-req, ni programu ya kawaida inayoishi nje ya keneli: pvfs2-client-core. Huyo ndiye anayekwenda hadi kwenye seva, bandari (mlango wa mtandao) ya 3334 kama hukuibadilisha, anauliza, anarudi na jibu na kulikabidhi kwenye kifaa kilekile. Data ya kusoma na kuandika hupita kwenye eneo la kumbukumbu ambalo wanalichangia, lililokatwa vipande vya MB 4 usipogusa mipangilio. Juu yake yuko mwangalizi, pvfs2-client, mwenye kazi moja tu: pvfs2-client-core akifa, amzae mwingine.

Programu za aina hii huitwa dimoni. Usiogope jina, hakuna pepo wa kupunga hapo. Huyu pvfs2-client-core mimi namwita mjumbe, na wahenga walishasema mjumbe hauawi.

Sasa usiku wangu. Nodi moja ilikuwa na kazi ya mtafiti iliyokula RAM yote, mashine ikaanza kuhangaika na swapu, sehemu ya diski inayoazimwa RAM ikijaa. Mjumbe ni programu kama nyingine, naye anahitaji kumbukumbu ili apumue, basi akawa anajikokota. Ombi likikaa muda mrefu bila jibu (kikomo cha kawaida ni sekunde 20) keneli huanza kulalamika, na watumiaji hulalamika kabla yake. Simu yangu ilikuwa haikatiki. Kazi ya mtafiti ikaanguka yenyewe kwa kukosa kumbukumbu. Nami nikaingia, nikamwona pvfs2-client-core kwenye orodha ya ps, amri inayoonyesha programu zinazoendelea, nikampiga kill -9, amri ya kuua programu papo hapo.

Na hapo, wapenzi wasomaji, tatizo lilikwisha.

Mimi sikujua. Mwangalizi alishamzaa mjumbe mpya, naye alipofungua kifaa aliiambia keneli ipachike, yaani iunganishe, upya mifumo yote ya faili iliyokuwa imepachikwa. Ningepiga ls mara moja tu ningeona faili zote ziko pale. Lakini nilikuwa na haraka ya kuwa shujaa. Nikaandika kwa mkono amri ya kuwasha pvfs2-client mwingine, kwenye terminali, kwa ruhusa zote za mkuu wa mfumo.

Keneli hairuhusu kifaa kile kifunguliwe mara mbili. Mjumbe wa pili akakataliwa mlangoni, na kwenye dmesg, orodha ya ujumbe wa keneli, ukatokea ujumbe mrefu uliozungushiwa mistari ya nyota, ukisema wazi kwamba kifaa hakifunguliwi zaidi ya mara moja, hakikisha hakuna programu nyingine inayokitumia. Ulinipa hadi amri ya lsof ya kutafutia mwenye kukishika. Nini zaidi ningetaka? Aliyeuandika alinijua kabla sijazaliwa kwenye kazi hii. Mimi niliona nyota na neno la hitilafu, nikahitimisha kwamba klasta imekufa.

Nikaziwasha upya seva zote. Nodi zile nyingine, zilizokuwa nzima na kazi zake zikiendelea vizuri, zikapoteza mazungumzo katikati ya kuandika. Kazi zilizokuwa zimekimbia kwa siku kadhaa zikaanguka moja baada ya nyingine. Nilitoka na tatizo la nodi moja, ambalo nilikuwa nimeshalitibu, nikalifanya la kila mtu.

Kesho yake kwenye kikao nikasema, "Mtandao ulisumbua." Bosi hakubisha. Alifungua logi za seva, yaani rekodi za matukio yake, akasoma kwa sauti saa na dakika ambazo kila seva ilizimwa kwa amri. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akauliza nani alinipa funguo. Miaka imepita, nimeshazisimamia klasta kubwa kuliko ile, na huyohuyo bosi amewahi kunipigia kuomba msaada, lakini sauti ile ya kusoma saa na dakika bado naisikia nikiweka mkono kwenye kibodi usiku.

Basi, ushauri. Ni mdogo. Kabla ya kugusa seva, piga pvfs2-ls au pvfs2-ping kutoka nodi hiyohiyo iliyoganda. Programu hizi hazipiti kwenye keneli wala kwa mjumbe. Zinakwenda kwenye seva zenyewe. Zikijibu huku ls ya kawaida imeganda, seva zako ni nzima na mgonjwa ni aliye katikati. Zikiganda nazo, angalia mtandao, kisha seva. Dakika moja hiyo ingeniokoa, na ninarudia kwa sababu najua hutanisikiliza mara ya kwanza: pvfs2-ls kabla ya seva.

La pili ni logi ya mjumbe. Mahali pake pa kawaida ni /tmp/pvfs2-client.log, na kwenye mashine nyingi /tmp husafishwa mashine ikiwashwa upya. Maana yake ukiiwasha upya nodi ukiwa na hasira, umechoma ushahidi. Ihamishe kwa chaguo la -L la pvfs2-client, leo, si wiki ijayo. Na mwachie systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, kazi ya kumwasha mjumbe. Vijana mnapenda kuwasha vitu kwa mkono kwenye terminali mkidhani ndiyo ufundi. Acheni. Mimi nilikuwa hivyohivyo.

Msomaji wangu amenijibu leo asubuhi. pvfs2-ls ilijibu papo hapo. lsof ikamwonyesha mjumbe mmoja ameshika kifaa, na kwenye terminali nyingine kuna pvfs2-client aliyemwasha kwa mkono. Amemtoa, nodi iko sawa. Kinachomsumbua sasa ni kwamba mkuu wake ameitisha kikao saa nane, anataka kujua kwa nini seva mbili zilizimika usiku.

Nimemwambia aseme ni yeye, kabla mtu hajafungua logi.