OTC sio dawa ya kila ugonjwa wa kupe

Mkuu pole sana na huyo mtamba. Umesema homa siku ya nne, tezi ya chini ya sikio imevimba kama yai, majani amekataa, umemchoma OTC (oksitetrasaiklini, ile antibiotiki) mara mbili na hamna mabadiliko, halafu juu ya hapo kijana wako mdogo katolewa kupe shingoni na unaogopa asije akaumwa hicho hicho. Naanza na ng'ombe maana huyo ndo hana muda.

Hiyo tezi ndo inaongea, inaelekea ni ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Kupe anayeleta ndigana kali ni yule wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio, kwa hiyo vimelea vinaingilia hapo hapo na tezi ya karibu inavimba ya kwanza, homa inafuata baadaye. Kimelea chenyewe, Theileria, kikiingia hakikimbilii chembe nyekundu za damu, kinaanza na chembe nyeupe na kuzilazimisha zizaane hovyo karibu kama kansa, na kila moja ikigawanyika na chenyewe kinagawanyika nayo. Mwisho wake mapafu yanajaa maji, mnyama anahema kwa shida na povu linatoka puani. Wengi wanaofika hapo hawarudi, kwa hiyo usisubiri kesho.

Nakwambia hivi kwa sababu nilishapoteza mtamba mwenye mimba ya kwanza kwa njia hii hii uliyopo wewe. Mfugaji mwenzangu aliniambia choma OTC, kwanza hata wanaochanja ndigana kali wanaichoma siku ile ile, kwa hiyo ndo dawa yake. Nikachoma siku tatu, siku ya nne povu, siku ya tano tukamzika. Baadaye sana ndo nikaja kuelewa kosa liko wapi. Ni kweli kwenye ile chanjo, ambayo ilitengenezwa Muguga kule Kenya, ng'ombe anachomwa vimelea hai kabisa na OTC ya kukaa muda mrefu kwa pamoja, ila pale kimelea ndo kwanza kinaingia, dawa inakipunguza kasi ili mwili upate muda wa kujifunza kupigana nacho. Ng'ombe ambaye tayari ana homa na tezi, kimelea kishasambaa mwili mzima, OTC haikiwezi tena. Dawa yake ni buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, kwenye msuli wa shingo, na inaweza kurudiwa baada ya saa 48 kama homa haijashuka. Tafuta daktari wa mifugo leo leo, na kama anahema vibaya mwambie mapema maana kuna dawa ya kupunguza maji ya mapafu pia.

Sasa kwa nini OTC ina jina kubwa hivi? Kwa sababu ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, inaisikia kweli. Ile ni bakteria anayekaa ndani ya chembe nyekundu, na dalili zake ni tofauti, mnyama anapauka fizi, macho yanaenda njano, kinyesi kigumu kikavu, ila mkojo unabaki wa kawaida. Ukiona mkojo mwekundu au rangi ya kahawa hiyo ni babesia, ugonjwa wa tatu wa kupe, chembe nyekundu zinapasuka na ile rangi ya damu inatokea kwenye mkojo, na hapo dawa ni diminazini au imidokabu. Ng'ombe wangu mwingine aliwahi kukojoa hivyo, nilikuwa nishajifunza, nikaita daktari akachukua damu kabla sijachoma kitu chochote, jioni tukajua ni nini na kesho yake mkojo ulianza kusafika. Magonjwa matatu, kupe wote, homa zote zinafanana siku ya kwanza, dawa tatu tofauti! Ndo maana inaniuma nikisikia mtu anasema tu "ana homa ya kupe" halafu anashika sindano.

Na ukipima, kwa ndigana kali mwambie achukue majimaji ya kwenye tezi yenyewe, sio damu peke yake, maana mwanzoni kwenye damu unaweza usione kitu ukadhani mzima. Babesia damu ya ncha ya sikio ndo nzuri zaidi. Kingine watu hawakijui, ndama wa chini ya miezi tisa hivi anahimili babesia na ndigana baridi kuliko ng'ombe mkubwa, kwa hiyo ukinunua ng'ombe mzima kutoka sehemu isiyo na kupe ukamleta kwenye kupe, huyo ndo wa kuangaliwa kila siku. Ila ndigana kali haijali, ndama inaua vile vile.

Kuhusu kijana wako. Ndigana kali haiambukizi binadamu, hilo tulia kabisa, hata kwa kumhudumia huyo ng'ombe. Babesia ipo ya watu lakini ni aina maalum. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mfugaji wa karibu na Zagreb, Yugoslavia ya wakati ule, mwaka 1957, na alikuwa ameshatolewa bandama, alifariki. Siku hizi wengi wanapatikana kaskazini mashariki ya Marekani, kupe wao anafuata panya na kulungu, na mwenye afya nzuri anaweza asijue hata kama alikuwa nayo, anayezidiwa ni mzee, aliyetolewa bandama au mwenye kinga ndogo. Chini ya hadubini inafanana sana na malaria, vile viduara ndani ya chembe nyekundu, na matibabu yake sio yale ya malaria ya kawaida, kwa hiyo mtu akipata homa baada ya kuumwa na kupe lazima amwambie daktari kuhusu kupe. Usiache hilo. Kuna homa nyingine za kupe na papasi zinazoletwa na bakteria na zinatibika vizuri zikijulikana mapema. Mwangalie kama mwezi mzima, homa, kichwa, vipele au kidonda cheusi pale alipoumwa, akipata chochote mpeleke.

Huyo kupe wa shingoni mlimtoaje? Usimchome moto wala kumpaka mafuta, anaweza kutapika uchafu wake ndani ya ngozi. Mshike na kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, osha. Na usimpasue kwa kucha. Muda ndo kila kitu, vimelea vya ndigana kali vinahitaji kupe anyonye siku kama tatu nne ndo vikomae kwenye mate yake, na ile babesia ya watu nayo kupe anatakiwa akae zaidi ya siku moja. Ndo maana kuogesha ng'ombe dawa ya kupe mara moja kwa mwezi ni kazi bure, kipindi cha kupe wengi ni kila wiki au hata mara mbili, na bomba lifike ndani ya masikio na chini ya mkia, watu wanaogesha mgongo tu.

Mpime ng'ombe joto sasa hivi na jioni uandike namba hapa, na useme daktari kasema nini.