Embe za juu ya tenga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma diploma hapa Mombasa, tulipewa kazi ya hesabu za takwimu tutafute uzito wa wastani wa maembe, basi mi na mwenzangu tukenda soko la Kongowea tukanunua tenga moja la ngowe, maembe 120. Nikapima kumi nikapata wastani gramu 412, mwenzangu akapima kumi mengine akapata 371, tukabishana mpaka usiku. Mwishowe nikaandika "parameta ni gramu 412" na lekchara akanikata maksi. Kwani kosa langu nini?
Mwanafunzi, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kupima hukukosea, ulikosea jina. Lile tenga lote lina wastani wake mmoja tu, upo pale hata kama hakuna aliyeupima, na haubadiliki ati kwa sababu wewe umeshika haya na mwenzako yale. Hiyo ndiyo parameta. Ile 412 yako ni takwimu ya sampuli, yaani ya yale machache uliyoyatoa tengani, nayo ni kadirio tu, na mkono mwingine ukiingia tengani utatoka na namba nyingine, ndo kawaida yake.

Ila hebu niambie, hayo kumi uliyatoa wapi? Maana wauzaji wetu twawajua, makubwa yapangwa juu yang'ae, vidogo vimelala chini huko kwenye majani. Kama wewe ulichukua ya juu na mwenzako akazamisha mkono, basi hiyo tofauti yenu si bahati tu, na hata ungepima arobaini ya juu ungebaki umepotea vilevile. Marekani mwaka 1936 jarida la Literary Digest liliuliza watu watampigia nani kura, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likasema Landon atashinda urais, kumbe Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48! Majina mengi walikuwa wameyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wakati ule wa shida wenye simu na gari ndo walikuwa embe za juu.

Sasa kama hamjayala, pimeni yote 120, wastani mtakaopata ni parameta ya tenga hilo. Lakini lisome tena swali la lekchara kabla hujaenda kudai maksi, maana kama alitaka maembe yote ya Kongowea, basi tenga zima nalo ni sampuli tu.