Kabla hujabonyeza kiungo

Mwaka jana mama mkubwa, anayelima viazi nje kidogo ya Tukuyu, alinipigia simu asubuhi. Kapata ujumbe unaomtaka abonyeze kiungo ili apate mbolea ya ruzuku. "Kiungo gani tena, mwanangu? Mimi najua viungo vya pilau, na hivi vya magoti vinavyoniuma baridi ikizidi."

Nilikuwa dukani Mwanjelwa, mjini Mbeya. Nikaanza habari za tovuti na intaneti, asielewe hata kidogo. Nilimwomba asiguse kitu, jioni nikapanda gari.

Nilimkuta jikoni, ndizi zinatokota. Mkono mmoja unamimina karanga zilizotwangwa na kukorogwa kwa maji, mwingine unakoroga polepole zisishike chini.

"Mama, hapo unafanya nini?"

"Naunga."

Basi somo likawa pale pale chunguni. Iliki na mdalasini huitwa viungo kwa kuwa huunga chakula. Goti huunga paja na muundi. Mjukuu wake akirudi Uwanja wa Sokoine akisema kiungo kacheza vizuri, anamsema mchezaji anayeunga mabeki na washambuliaji. Na cha kwenye simu, ambacho vijana tunakiita linki, kinakuunga na mahali pengine. Mwanasayansi Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti mwaka 1989, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, wazo lake lilikuwa hilo: kurasa ziungwe.

Akanyamaza kidogo. "Sasa hiki kinaniunga na nani?"

Ukimfundisha mzazi simu, mfikishe kwenye swali hilo. Anzia kwenye neno alilonalo tayari, hayo mengine yatakuja.

Kisha msomee anwani taratibu. Tovuti za serikali yetu huishia .go.tz. Tazama jina hadi mwisho wake, maana matapeli hupachika "go.tz" katikati wakaongeza mkia mwingine. Ya mama iliishia .com, na ukurasa ulitaka namba ya siri ya pesa za simu. Namba hiyo haiandikwi popote kwa ajili ya kupokea msaada, hata mtumaji ajitambulishe vipi. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha ufute.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akanipakulia ndizi.

Wiki iliyopita kapiga tena. Ujumbe mwingine, safari hii wa mikopo. Alinisomea herufi moja moja hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu simjui. Nimeshaupeleka kwenye ile namba."