Alipewa matone ya rota, mbona bado amelazwa?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miezi 9. Matone ya rota, ile chanjo ya kirusi cha kuhara, alimaliza yote, kitabu cha kliniki kinaonyesha. Wiki iliyopita alitapika usiku kucha, asubuhi akaanza kuhara maji matupu, akalazwa siku mbili kwa dripu. Choo kikapimwa, wakasema ni rota. Je, chanjo ilikuwa imeharibika? Na mbona hakupewa antibiotiki? Dada yangu ninayeishi naye hapa Umoja ana mtoto wa wiki 6, sasa anauliza kama kuna haja ya kumpeleka. (Mama Tumaini)

JIBU: Pole kwa usiku huo, Mama Tumaini.

Sidhani chanjo iliharibika. Matone ya rota hayafanyi kazi kama chanjo ya surua, ambayo mtoto akishaipata vizuri kwa kawaida haugui tena. Haya yanamfundisha mtoto kupigana na kirusi, lakini hayamfungii mlango. Kenya ilianza kuyatoa Julai 2014, na utafiti uliofanywa baadaye Kilifi na Siaya ulionyesha kwamba yanapunguza kulazwa kwa ajili ya rota kwa takriban asilimia 64. Maana yake, kati ya watoto 100 ambao wangelazwa bila chanjo, 36 hivi bado watalazwa. Wako ameangukia hapo. Wale 64 huwezi kuwaona wodini, ndiyo maana chanjo hii haisifiwi na mtu.

Ulaya na Marekani kinga hiyo ni kubwa zaidi. Huku kwetu kingamwili ambazo mtoto hurithi kwa mama huwa nyingi na huweza kuyazima matone kabla hayajashika, na utumbo wa watoto wetu hukutana na vijidudu vingi mapema mno. Umri nao una lake: miezi 9 mtoto anatambaa, kila kitu mdomoni, na kirusi kidogo sana kinatosha kumwambukiza. Ndio umri huohuo ambao jirani wa plot atakuambia “ni meno tu”. Meno hayamkaushi mtoto maji mpaka awekewe dripu.

Kuhusu antibiotiki, waliomtibu walifanya vyema. Rota ni kirusi, dawa hizo hazikigusi, na zenyewe zinaweza kuongeza kuhara. Dawa za kufunga tumbo pia usimpe mtoto. Kinachomwokoa ni maji na chumvi. Soma pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) kabla ya kuchanganya, kwa sababu nyingine ni ya nusu lita na nyingine ya lita nzima. Ukikosea unampa chumvi kupita kiasi. Kila anapohara mpe mililita 50 hadi 100, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena polepole. Soda na juisi ya paketi ziache, sukari yake huvuta maji zaidi utumboni. Ziwa liendelee, na chakula pia. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Wengi huikatisha hapo.

Akilegea, macho yakibonyea, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usingoje kukuche.

Dada yako ampeleke mtoto wiki hii. Dozi ya kwanza hutolewa wiki ya 6, ya pili wiki ya 10. Aina nyingine za chanjo zina dozi ya tatu wiki ya 14, kwa hiyo afuate tarehe atakazoandikiwa kitabuni. Kuhara kidogo si sababu ya kuahirisha. Nyumba moja, beseni moja, huyo mdogo yuko karibu na kirusi kuliko mtoto yeyote wa mtaa: nepi zikibadilishwa, mikono ioshwe kwa sabuni na maji, sanitaiza pekee isitegemewe.

Jambo moja alijue. Mara chache sana, hasa siku saba baada ya dozi ya kwanza, utumbo wa mtoto unaweza kujiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa sweta unapovuliwa. Mtoto hulia kwa vipindi akikunja miguu, hutapika, na choo huweza kutoka chekundu chenye ute. Akiona hivyo, hospitali saa hiyohiyo, na ataje siku chanjo ilipotolewa.