Slaidi haikuona vimelea: je, mitamba wangu ni salama?

Swali: Nimenunua mitamba wawili wanaoonekana wazima kabisa. Muuzaji anasema waliwahi kuugua ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, wakatibiwa. Maabara imeangalia slaidi za damu kwa hadubini na kusema hakuna vimelea. Naweza kuwachanganya na kundi langu, ambalo halijazoea kupe?

Jibu: Bado. Slaidi inafaa kwa ng'ombe mwenye homa, ambaye damu yake ina vimelea tele. Aliyepona hubaki navyo vichache mno, na mtaalamu anaweza kupitia maelfu ya chembe nyekundu asikione hata kimoja. Anaplasma wa ndigana baridi (huyu hasa ni bakteria) mara nyingi hubaki mwilini maisha yote.

Uliza pia damu ilitolewa wapi. Babesia bovis, kimelea cha ugonjwa wa mkojo mwekundu, hujibanza kwenye mishipa midogo, hivyo slaidi ya tone lililotoka ncha ya sikio au mkia humwonyesha vizuri kuliko damu ya shingoni. Na kwa ndigana kali, inayoletwa na aina moja ya theileria, hata vimelea vikionekana ndani ya chembe nyekundu, kwa macho ni vigumu kuvitofautisha na theileria wengine wasio na madhara makubwa.

Omba PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kila aina ya kimelea. Damu iwekwe kwenye chupa yenye EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau. Igeuzwe taratibu mara kadhaa isigande, isafirishwe ikiwa baridi. Jibu likiwa hasi, rudia baada ya wiki kadhaa, maana idadi ya vimelea hupanda na kushuka. ELISA, kipimo kinachotafuta kingamwili kwenye damu, hukwambia mnyama aliwahi kukutana na ugonjwa, basi. Kwa mnyama mmojammoja mimi huiweka nafasi ya pili.

PCR ikiwa chanya, usikimbilie sindano ya dawa. Mbeba vimelea mzima kwa kawaida ana kinga, na hata chanjo ya ndigana kali ya vimelea hai huweza kumwacha mnyama akiwa mbeba vimelea. Wa kuogopewa ni kupe watakaomnyonya yeye kisha wahamie kwa ng'ombe wako wasio na kinga. Ogesha mitamba kwa dawa ya kupe, kagua ndani ya masikio na chini ya mkia, watenge mpaka uridhike hawana kupe, kisha endelea kuogesha kundi zima kwa ratiba. Anaplasma hahitaji hata kupe: sindano moja kwa ng'ombe wawili inatosha kumweneza, na vifaa vya kukata pembe vivyo hivyo.