Pua imeziba upande mmoja, majibu yamekuja "shwanoma": ni kansa?

SWALI: Shikamoo dokta. Dada yangu ana miaka 34, pua ya kushoto imeziba karibu mwaka, dawa za aleji na za kupuliza katumia wee, mara damu inachuruzika. Wamemkata kinyama cha kupima, majibu ni shwanoma. Mama analia anasema ni kansa. Na kwa nini wanataka MRI wakati CT skani anayo? Na tiba, atapigwa mionzi?

JIBU: Marahaba. Mwambie mama afute machozi, shwanoma sio kansa, ni uvimbe wa seli zinazofunika neva (mishipa ya fahamu), unakua polepole na kugeuka kansa ni nadra sana. Puani ni nadra pia, kati ya shwanoma zote za kichwa na shingo, za puani hazifiki hata 4%. Cha kushangaza neva ya kunusa yenyewe haina seli hizo kabisa, kwa hiyo uvimbe mara nyingi huanzia kwenye matawi ya neva inayoleta hisia za uso.

Ila huo mwaka wa dawa za aleji umeniuma. Aleji huziba huku na huku, leo kulia kesho kushoto, pua ikiziba upande ule ule miezi na miezi tena na damu, kamera iingie puani mapema jamani.

MRI wako sahihi. CT inaonesha mfupa, na shwanoma huwa inausukuma na kuukondesha taratibu wakati kansa nyingi zinautafuna, lakini CT haitenganishi vizuri uvimbe na kamasi lililokwama nyuma yake, MRI ndo inatenganisha, na inaonesha kama umefika karibu na jicho au utando wa ubongo. Mimi ningetaka picha kabla ya kinyama, maana kuna "nyama" za puani ambazo kumbe ni ubongo umeshuka, na kuna zile za vijana wa kiume zilizojaa mishipa ya damu, ukizikata kliniki utajuta.

Alafu chukua ripoti ya kinyama utafute S100, ni kipimo cha rangi maabara kinachotambua protini ya seli hizo. Iwe chanya, tena kwa nguvu na imetapakaa kote, kama ni hafifu au viraka viraka omba slaidi zisomwe upya. Shwanoma ya puani mara nyingi haina ganda, msomaji anaweza kudhani inavamia.

Tiba ni kuutoa wote, siku hizi mara nyingi kwa endoskopi (ile kamera nyembamba) kupitia tundu la pua, uso hauchanwi. Ukiwa umegusa sakafu ya ubongo, daktari wa upasuaji wa ubongo awepo chumbani. Mionzi kwa kawaida hapana, uvimbe huu hausikii mionzi kivile. Anaweza kubaki na ganzi shavuni au kwenye meno ya juu, aulize hilo kabla hajasaini. Ukitoka wote ni mara chache kurudi, ila kliniki ya kamera asiikimbie.

Na siku ya kwenda abebe CD ya CT yenyewe, sio karatasi ya ripoti tu.